Kuzijua Aina za Kompyuta Kabla ya Kutoa Fedha za Wanachama

Hotuba iliyosomwa Tabora mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Katibu ameniomba niseme juu ya kompyuta, nami nimekubali kwa furaha, ila kwa sharti moja, kwamba sitazisifu. Wa kuzisifu ni wengi, na aghalabu ndio hao hao wanaoziuza. Jambo lililo mbele yetu ni zito kuliko sifa. Mwaka huu, Chama Kikuu chetu kinapotimiza umri wa miaka 10, mmeletewa shauri kwamba kila chama cha msingi kinunue kompyuta kwa fedha zitokazo katika ushuru wa wanachama. Tena wako wanaotaka vyama vyote vinunue za aina moja, ili zifanane kama sare za shule. Mimi naona kununua ni sawa, lakini kufanana si sawa, na sababu zake ndizo nitakazozieleza.

Mji huu tuliokutania una elimu ya zamani juu ya jambo la namna hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, na hapa njia zikagawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Sarafu ilikuwa haina kazi kubwa bara, bali mtu alilipa kwa nguo na shanga. Nguo zilikuwa merikani, iliyofumwa Marekani, na kaniki, na nyinginezo. Shanga nazo zilikuwa za aina nyingi mno, na kila nchi ilikuwa na zake inazozipenda. Zile nyekundu ziitwazo samesame zilikuwa na thamani kubwa, lakini hata hizo hazikukubaliwa sawasawa kila mahali, na rangi iliyogombewa mahali pamoja ilikataliwa safari ya siku chache mbele. Basi mfanya biashara aliyenunua shanga zake pwani kwa kutazama uzuri tu, bila kuwauliza wanaoijua njia, alijikuta katikati ya safari ana mizigo tele na hana chakula. Na mizigo ile haikujibeba. Kila mpagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, alichukua kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na kama shanga zilikuwa za bure alizibeba kwa uzito ule ule.

Kompyuta nazo ni vivyo hivyo. Sijaona iliyo mbaya kwa asili yake, ila nimeona nyingi zilizonunuliwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikuwa kitu cha kuweka mezani. Mashine za siku zile zilitaka chumba chao zenyewe na watu waliofundishwa kuzitumikia usiku na mchana. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa hesabu za Serikali. Kazi hiyo haikwenda kama ilivyotumainiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Wako wanaoitaja habari hii kwa kucheka, kana kwamba wakubwa wa wakati ule waliogopa mashine. Mimi siwacheki hata kidogo. Fedha za umma zilikuwa zimetiwa katika chombo ambacho waliokielewa walikuwa wachache mno, na hesabu zilipokwenda kombo, wa kuzinyosha hawakutosha. Mambo hayo hayo yaweza kutokea leo katika ofisi ya chama cha msingi, kwa mashine ndogo yenye bei ya ng'ombe mmoja au wawili.

Hizi za leo huitwa kompyuta binafsi, kwa kuwa mtu mmoja huitumia peke yake, pasipo chumba maalumu wala kundi la mafundi. Huko Marekani zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1970. Kampuni ya Apple ilitoa mashine yake iliyopata sifa mwaka 1977, na mwaka 1981 kampuni kubwa ya IBM ikatoa yake. Hii ya IBM ndiyo iliyogeuza mambo, wala si kwa sababu ilizishinda zote kwa ubora. IBM waliiunda kwa vipande vilivyonunuliwa kwa watengenezaji mbalimbali, na programu ya kuiendesha wakaipata kwa Microsoft, ambao walibaki na haki ya kuwauzia watu wengine pia. Haukupita muda mrefu wengine nao wakaunda mashine za mfano ule ule. Ndiyo sababu leo mkiona dukani majina ya Dell, HP, Lenovo na Acer, mnaona majina manne ya vitu ambavyo kwa ndani hukaribiana sana. Lenovo, kwa mfano, ndio walioinunua idara ya kompyuta za IBM mwaka 2005. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba jina fulani ni bora kuliko jina fulani, mwulize kwanza ni mashine ipi ya jina hilo, maana kila kampuni hutengeneza za kudumu na za kupita.

Apple walishika njia yao wenyewe, na wangali huko. Mashine zao ni imara na zinapendeza machoni, lakini vipuri vyake ni ghali, na programu nyingi za hesabu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows haziingii humo bila usumbufu. Kwa ofisi ya chama chetu sioni haja ya kuongeza neno hapo.

Tuje sasa kwenye maumbo yenyewe, maana hapo ndipo fedha hupotea.

Kompyuta ya mezani ni ile yenye sanduku lake, kioo chake, kibodi na kipanya, kila kimoja mbali. Sifa yake kubwa ni kwamba hufunguka. Kipande kimoja kikifa, fundi hukitoa akatia kingine, na mashine huendelea miaka mingi. Tena kwa fedha ile ile mtu hupata nguvu zaidi kuliko katika mashine ya kubeba. Aibu yake ni umeme. Sanduku na kioo kwa pamoja aghalabu hula wati 100 au zaidi, na umeme ukikatika mashine huzimika papo hapo, na yote ambayo karani hajayahifadhi hupotea. Kwa sababu hiyo kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, ile ambayo mafundi huiita UPS, isihesabiwe kuwa imekamilika. Bei ya kifaa hicho na iandikwe katika hati ile ile ya ununuzi, wala isiachwe kwa mwaka ujao, maana mwaka ujao huwa na shida zake. Nanyi mnajua radi za huku kwetu tangu mvua zinapoanza hata zinapokatika. Hata penye betri ya akiba, karani na afundishwe kuchomoa waya ukutani wingu likishajikusanya.

Ziko pia za mezani ambazo sanduku limefichwa nyuma ya kioo, zikawa kitu kimoja chembamba. Ni nzuri kwa kupamba meza ya mwenyekiti. Zimechukua ubaya wa pande zote mbili: zataka umeme wakati wote, na kufunguka hazifunguki kwa urahisi.

Kompyuta mpakato imepata jina lake kwa kuwa mtu aweza kuipakata. Kioo, kibodi na betri vyote vimo katika kitu kimoja. Hula umeme kidogo, kati ya wati 20 na 60 kwa kazi za ofisi, na umeme ukikatika huendelea kwa betri yake kwa saa kadhaa. Kwa hiyo yaweza kutumika hata mahali penye umeme wa jua peke yake. Karani aweza kuichukua akaenda nayo ghalani siku ya soko, na siku ya pili akaileta hapa Tabora kwa ukaguzi. Lakini kitu kibebwacho na karani hubebwa na mwizi pia. Nayo betri huchoka, na baada ya miaka mitatu au minne huenda isishike hata nusu saa. Kabla ya kununua, ulizeni kama betri yake yapatikana dukani hapa mjini na kwa bei gani.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya mpakato zilizokwisha kutumika ng'ambo, kwa kuwa najua ndizo ambazo vyama vingi vitauziwa. Mimi sizikatai. Mpakato iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi makubwa, hata ikiwa imetumika miaka minne, mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei ya chini. Lakini iko hatari moja ambayo haionekani kwa macho. Kila kompyuta huendeshwa na programu kuu, na katika nyingi ya hizi ni Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, yaani yale yanayoziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni huyatumia. Windows 11 iliyoifuata haikubali rasmi mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Matokeo yake ni kwamba maofisi ya ng'ambo yanaziondoa mashine zao za zamani kwa wingi, na mashine hizo zatafuta pa kwenda. Muuzaji atakuambia ni safi, naye atakuwa anasema kweli, kwa kuwa ni safi kwa nje. Basi neno la kumwuliza ni moja: je, mashine hii hupokea Windows 11 kwa njia iliyo halali? Akijibu ndiyo, na aioneshe ikiwa imewashwa mbele yenu. Akijibu hapana, bado yaweza kununuliwa kwa bei ndogo na kutiwa programu kuu ya Linux, ambayo hutolewa bila malipo, lakini iwe kwanza imethibitishwa kwamba programu ya hesabu ya chama itafanya kazi humo.

Mengine mawili ya kuuliza ni ya ndani. Mashine ina meza na ina kabati. Meza ni memori, mahali inapotandaza karatasi inazozifanyia kazi kwa wakati huo, na ikiwa ndogo kazi huenda kwa kusuasua. Kwa siku hizi gigabaiti 8 ndicho kipimo cha kutosha, na 4 ni kujitesa. Kabati ni hifadhi, mahali karatasi zinapolazwa usiku. Kabati za zamani zilikuwa diski ngumu zenye sahani zinazozunguka kwa kasi, na sahani hizo hazipendi kutikiswa. Mtu aliyekwisha safiri kwa pikipiki kutoka vijijini Sikonge hata hapa hahitaji kuelezwa zaidi. Za sasa ziitwazo SSD hazina kitu kinachozunguka, huvumilia mtikiso, na huifanya hata mashine ya zamani ionekane imezaliwa upya. Kwa mpakato ya chama chetu, SSD ni lazima.

Kishikwambi kila mmoja wenu amekiona, maana makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walikuja navyo majumbani mwetu. Walikuja kwa zamu ya maswali mafupi yenye majibu mafupi, wakagusa kioo, wakaenda zao, na kwa kazi ya namna hiyo hakuna chombo kinachokishinda. Karani wa mizani aweza kuandikia humo namba ya mkulima, uzito wa robota na daraja lake, akapiga na picha ya stakabadhi. Lakini msimpe mhasibu kishikwambi mkamwambia afunge hesabu za mwaka. Hakina kibodi ya kufaa kwa kazi ndefu, na zile programu za hesabu zilizoundwa kwa Windows hazimo katika vingi vya hivyo. Mhasibu akishindwa atarudi kwenye daftari lake la zamani, na kishikwambi kitakwenda nyumbani kutazamia mpira.

Juu ya simu nitapita upesi. Simu janja nayo ni kompyuta, ndogo tu, nayo yafaa kwa ujumbe na kwa kuangalia taarifa. Mkulima mwenye kitochi asidhani ameachwa nje, kwa kuwa ujumbe mfupi wenye uzito wa tumbaku yake, bei na makato yote waweza kumfikia hata huko. Kama mashine zitakazonunuliwa hazitamletea ujumbe huo, basi na adai zimeletewa nani.

Misafara ya zamani ilipopita Ugogo ililipa hongo. Siku hizo neno lile lilikuwa na maana ya ada ya njia inayotolewa kwa mtemi, si rushwa kama tunavyolitumia sasa. Msafiri mgeni alihesabu bei ya nguo na ujira wa wapagazi, akasahau hongo, na hongo ikammaliza. Kompyuta zina hongo yake. Programu nyingi siku hizi haziuzwi mara moja, bali hukodishwa kwa mwaka. Kuna fedha ya mtandao kila mwezi, kuna wino wa printa, ambao kwa printa nyingine ndogo hufika mahali ukaipita bei ya printa yenyewe, na kuna fundi. Naomba kila chama kiandike gharama za miaka mitatu, si za siku ya kwanza. Vyama viwili au vitatu vilivyo jirani vikiona gharama hizo zawashinda, hakuna sheria inayowakataza kushirikiana fundi mmoja na printa moja. Kushirikiana ndiko tulikoandikishwa kwa ajili yake.

Sasa niseme habari ya kitabu chenyewe kiko wapi, maana wengi hudhani kimo ndani ya mashine. Wakati mwingine kimo humo, na wakati mwingine hakimo. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo uitwao MUVU, ambao vyama huutumia kupeleka taarifa zao kwa mtandao. Taarifa ikishaingizwa huko, hukaa katika mashine kubwa zilizo mbali, na kompyuta iliyo mbele ya karani ni dirisha tu. Dirisha likivunjika, nyumba ingali imesimama. Lakini hesabu ambazo karani ameziandika katika jedwali lake mwenyewe, makato ya pembejeo, madeni ya mbolea, majina ya waliolipwa na wasiolipwa, hizo zimo ndani ya mashine ile moja, na ikiibwa au ikiungua zimekwenda. Ndugu zangu, fikirini mkulima wa Kaliua au Urambo aliyeuza marobota yake, naye anajua amekwisha lipa mbolea, akaja dirishani akaambiwa kwamba kumbukumbu zimepotea na deni lake limesomwa kutoka katika nakala ya mwezi uliopita. Atamshtaki nani? Atabishana na mashine?

Kwa hiyo, ya aina yoyote mtakayoinunua, nakala ziwe tatu: moja ndani ya mashine, ya pili katika diski ya nje ambayo hailali ofisi moja na mashine, na ya tatu hapa Chama Kikuu, ikiletwa kila mwisho wa wiki wakati wa masoko. Flashi ndogo za mfukoni zisitumiwe kwa kazi hii. Hupotea, tena ndizo zinazopeleka virusi kutoka chama hadi chama. Neno la siri la mashine lijulikane na karani, na lingine liwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kasha la chama, ili karani akiugua au akihama, chama kisibaki nje ya mlango wake chenyewe. Na stakabadhi ya karatasi isifutwe. Mwanachama ana haki ya kuondoka na kitu mkononi.

Ninavyoona mimi, basi, ofisi ya Chama Kikuu hapa Tabora, yenye umeme wa kutegemewa kiasi, chumba cha kufunga na wahasibu wanaokaa mahali pamoja, ichukue za mezani, kila moja na betri yake ya akiba. Vyama vya msingi vilivyo pembezoni mwa barabara kuu na vyenye umeme, vichukue mpakato moja imara, hata ikiwa imetumika, kwa kufuata maswali niliyoyataja. Vyama vya mbali, ambako umeme ni wa jua au haujafika, vichukue mpakato ile ile pamoja na sahani ya jua ya kuichaji, na wakati wa msimu viazime kishikwambi kimoja cha mizani kutoka Chama Kikuu, kisha vikirudishe. Viko vyama vichache ambavyo havina bado karani aliyefundishwa wala mlango wa kufunga. Hivyo visinunue chochote mwaka huu. Fedha hiyo na imsomeshe karani kwanza na kuweka kufuli. Najua wajumbe wa vyama hivyo hawatafurahi kuyasikia haya mbele ya wenzao, lakini fedha ni zao wanachama, na mashine itawangoja.

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako nimeweka juu ya meza ile ya dirishani mashine tatu: moja ya mezani ikiwa imefunguliwa ubavu, mpakato moja iliyotumika, na kishikwambi. Kadi ya memori na diski ya zamani yenye sahani nimezitoa nje ili zishikwe kwa mkono. Wakati wa chai mje mzitazame, na mwenye neno la kuuliza aliulize pale pale, hasa wazee, maana ushuru huu umekatwa katika tumbaku yenu.